Wapangaji Watoke na Mapanga

Siku ile tulikuwa tunakamua mawese. Ulikuwa mwaka 2015, kwenye kilima chetu huko Makamba, Burundi. Mdogo wangu Zakaria alikuwa juu ya mchikichi akikata mikungu kwa panga, Mama yuko chini anachambua chikichi na kuzitupa kwenye pipa. Mke wangu Beata alikuwa anachochea moto.

"Zaka, teremka, utatuangukia," Mama alisema.

"Nikianguka si mtakula nyama ya matanga? Mwaka mzima hamjaonja nyama."

Mama alimrushia chikichi. Ilimpata kwenye unyayo, akapiga kelele kama mtu aliyepigwa risasi, tukacheka wote.

Risasi zenyewe zilikuwa mbali, Bujumbura, kwenye redio. Tulizisikiliza kama mtu anavyoitazama mvua ya kilima cha pili. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani majuzi tu. Tangu nimalize sekondari sikuwahi kutulia. Nilikuwa nauza vitenge kati ya Makamba na Kasulu, ndiyo maana Kiswahili hakinipi shida.

Walipanda kwa njia ya chini, ya kisimani. Walikuwa vijana wa kilima chetu. Mmoja, Eriki, Zakaria ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Walimwambia Zakaria ateremke. Walitaka aeleze kwa nini alionekana mjini na waandamanaji wa kumpinga rais.

Akateremka. Panga akaliweka chini, kando ya chikichi, ili wasimfikirie vibaya.

Mmoja wao akaliokota.

Hakuwa Eriki. Eriki alikuwa amesimama tu.

Mama aliona. Sote tuliona.

Tulimzika haraka, bila matanga, bila hiyo nyama. Walikuwa wametuambia wasitukute tena. Tukashika njia za mashambani, Mama mbele, Beata na mtoto wetu Divina katikati, mimi nyuma, hadi tukaingia Tanzania upande wa Munanila. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alitupa mihogo ya kuchemsha na hakutuuliza kitu. Toka hapo tukapakiwa juu ya gari la ndizi mpaka Kasulu.

Sheria ilikuwa mkimbizi akae kambini, na kambi ilikuwa Nyarugusu, si mbali. Mama alikataa. Alisema waliokimbia ni watu wa kila upande, na hatalala kwenye turubai bila kujua jirani yake ni mama wa nani. Mimi nilichotaka kilikuwa kimoja: tukae naye chini ya bati moja. Basi nikamwendea Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyekuwa akiuza ndoo na sufuria karibu na soko. Tulijuana kwenye vitenge.

"Vyumba viwili vya uani vipo," alisema. "Ukiulizwa, nyie Waha wa Munanila. Kiha na Kirundi ni pua na mdomo, nani atatofautisha?"

Alitufungulia mlango wa buluu. Sakafu ilikuwa ya saruji, imefagiliwa. Akafungua mikono kama bwana harusi.

"Karibuni sana. Kuanzia leo nyie wapangaji wangu!"

Mama alinikamata kifundo cha mkono. Kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, akauliza: "Amesema panga?"

Kwetu panga ni *umupanga*, na nyumba ya mtu tunaikodi. Hatuipangi. Nilimweleza pale pale mlangoni. Nilimweleza tena jioni, kwa mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa subira.

"Nimeelewa, mwanangu. Lakini neno likitamkwa, mwili hausubiri tafsiri."

Beata alitundika kitenge kugawa chumba. Divina alijifunza kusema shikamoo, akawa anamwamkia hadi mbuzi wa Mzee Shabani. Mama hakukaa hata siku moja ameupa mlango mgongo. Nilipomweleza Mzee Shabani habari ya neno lile, alikuna ndevu, akamwendea Mama alipokuwa akiosha vyombo.

"Mama, nimefuta neno langu. Nyie si wapangaji tena. Ni wageni wangu." Akageuka kwangu. "Ila mwambie, wageni wa hapa mwisho wa mwezi wanalipa."

Nilipomfasiria, Mama alicheka. Kicheko kilekile cha chini ya mchikichi. Nikadhani tumefika.

Kisha ikaja siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kufyeka mitaro ya mtaa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kuuza samaki. Alipita nyumba kwa nyumba na kundi la wanaume, kila mmoja na kifyekeo au panga lake, wakitaniana kuhusu nani ana kitambi. Mimi nilikuwa ndani nafunga viatu. Mama alikuwa uani anaanika unga wa muhogo.

Balozi akaita toka njiani: "Shabani! Wapangaji wako watoke! Watoke na mapanga!"

Wakaingia uani.

Nilipofika mlangoni Mama alikuwa amepiga magoti juu ya unga, mikono kichwani.

"*Ntimunyice!*" alikuwa akilia. Msiniue.

Vicheko vikakatika. Mwanaume mmoja alificha panga nyuma ya mgongo wake, kwa aibu. Balozi alimwinua Mama, akampangusa unga magotini, kisha akanitazama.

"Bwana mdogo, huyu mama si wa Munanila."

"Nyumba yangu nimempangisha mtu," Mzee Shabani alisema, "sikupangisha kabila."

"Najua, Mzee. Lakini wamesikia wote hawa. Mimi nifanyeje? Wapeleke kambini wenyewe kabla sijaambiwa niwapeleke."

Hakukuwa na mtu mbaya uani pale. Nimemtafuta sana, sijamwona.

"Nendeni nyie na mtoto," Mama aliniambia. "Mimi narudi nyumbani."

"Ukafanye nini?"

"Panga la kwetu angalau naujua mpini wake."

Nilikataa. Asubuhi nilipotoka kutafuta gari la kutupeleka Nyarugusu, na Beata yuko bombani, Mama aliondoka. Nilimfuata hadi Munanila. Yule mama wa mihogo aliniambia amepita, akitembea upesi kama anayewahi arusi. Nilisimama nikitazama vilima vya upande wa pili. Mimi nikivuka, Divina hana baba. Nikageuka.

Kule kilimani wale vijana hawakumgusa. Aliishi miezi michache, akafa kwa kikohozi, peke yake, maana majirani waliogopa kuonekana mlangoni kwake. Habari niliipata kwa mchuuzi wa mawese. Alisema kaburi lilichimbwa na mtu mmoja, akalichimba vizuri, likakaa kando ya Zakaria. Alikuwa Eriki. Sijui nimshukuru au nimlaani, na miaka inapita bila kunisaidia kuamua.

Beata na Divina walizoea kambi. Mimi huwa naenda na kurudi. Nimekaa Busunzu, Murungu, Kibondo mjini, chumba hiki na kile, na popote nilipo naota mchikichi mmoja. Kila mwenye nyumba mpya hunipokea kwa neno lilelile: karibu, mpangaji. Naitikia vizuri, kwa Kiswahili safi. Ila kwanza natazama mikono yake.