Siku Walipomwambia Baba Mdogo Aigize

Baba yangu mdogo aliiba kwa miaka mingi kwenye runinga. Alikuwa mwigizaji, na kwa sababu ya macho yake makali na kovu la shavuni, kila mwongozaji alimpa nafasi ya mwizi. Aliuawa kwa risasi, kwa panga, kwa sumu, na jioni akarudi nyumbani kula ugali. Kazi zilipokauka, na wenzake wakawa wanakufa mmoja mmoja kwa sukari na presha, wengine wakizikwa kwa michango, alirudi kwetu Ng'ambo, Tabora. Vijana wakimwita "Mwizi" barabarani, anawapungia mkono. Mimi nilikuwa naudhika, yeye anafurahi.

Siku hiyo tulikwenda mnadani Bukene kutafuta mchele. Tulikuwa tumesimama kwenye magunia mwanamke mmoja alipopiga kelele kwamba ameibiwa simu. Watu wakageuka huku na huku. Kijana mwenye fimbo ya kuchungia akamkazia macho baba mdogo, akasema uso huu anaujua, huyu ni mwizi. Baba mdogo, Mungu amrehemu, akatabasamu. Alidhani amekutana na mpenzi wa michezo yake.

Fimbo ya kwanza ilimpasua juu ya jicho. Ya pili ikampiga magotini, akaenda chini. Mtu akamkanyaga mkono, nikasikia vidole vikivunjika. Nikajirusha katikati, nikamng'ata mmoja wao hadi nikaonja damu yake, huku nikipayuka kwamba huyu ni mwigizaji, wamemwona kwenye runinga. Wale wa mbele wakasita. Mwanamume mmoja wa makamo, tofali mkononi, akasema, "Kama ni mwigizaji, aigize tuone."

Nikaona afadhali. Baba mdogo akajifuta damu, akapiga magoti vizuri. Kipande alichokijua kuliko vyote ni kile ambacho mwizi anawaangukia aliowaibia. Akainua mikono, vidole vya mmoja vikining'inia, akatoa ile sauti yake iliyofika mbali bila kipaza sauti.

"Nisameheni, ndugu zangu. Ni mimi niliyeiba."

Akalia machozi ya kweli. Wa mbele wakacheka, wengine wakaanza kumpigia makofi. Lakini watu walikuwa bado wanamiminika kutoka upande wa stesheni, na hao wa nyuma hawakusikia kwamba ameambiwa aigize. Walichosikia ni mwizi anakiri. Waliwasukuma wa mbele, wakapita, na mawe yakaanza. Jiwe moja lilimbonyeza fuvu. Polisi walipofyatua risasi hewani nilikuwa nimemlalia, damu yake imejaa kwenye nywele zangu, na pumzi hana.

Tulipokuwa bado hatujaanua matanga, yule mwanamume wa makamo alitoka Bukene akaja kwetu. Hakuna aliyemwita. Alikaa mkekani, akatoa pole, akanywa maji. Nilimwambia kwamba yeye angalau alikuwa mbele, alisikia kila kitu, kwa nini hakuwazuia wale wa nyuma?

Akaweka kikombe chini.

"Dada yangu, nilijua anaigiza," akasema. "Lakini alivyolia vile, nikaamini. Nikarusha na mimi."

Nilimrukia kooni. Wanawake wenzangu wakanishika mikono, wakanivuta ndani, naye akaondoka kwa miguu yake. Hadi leo nawalaumu.