Jedidah Aenda Kukiri

Jedidah wa Kanja, mama yake Karimi, alifukuza mawazo mabaya jinsi alivyofukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. "Shii! Toka!" Utamkuta analima peke yake, anafoka, majirani hoi kwa kicheko. Mhubiri alikuwa amesema moyo ni boma lenye mlango, na Jedidah si mtu wa kusikia jambo akaliacha lipite. Alitaka kujua: wazo huingilia wapi? Machoni? Masikioni? Au huzaliwa humo humo ndani?

Wakoloni walipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya wapiganaji wa msituni, watu walisukumwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki lililojaa mianzi iliyochongwa ncha, na ubao mmoja tu wa kuvukia. Kivuti, homugadi, yaani mgambo wa serikali, mlinzi wa langoni, ndiye aliyechoma nyumba ya Jedidah siku ya kuhama, na kumla mbuzi wake. Basi kila Kivuti alipovuka ubao, wazo lilimjia Jedidah: ateleze! Shii! Wapi! Lilirudi, tena na wenzake.

Akaona dawa ni moja, akaseme mbele ya ndugu wa kanisa. Jumapili, mvua imetoka kunyesha, akafika langoni.

"Mama Karimi, wapi asubuhi yote hii?" Kivuti akauliza.

"Kanisani. Naenda kukiri."

Maskini, ulimi hauna mfupa! Kwa waliookoka, mtu hukiri dhambi. Kwa serikali ya siku zile, mtu alikiri kiapo cha wapiganaji wa msituni, na kutaja aliokula nao. Kivuti akamkokota hadi kituoni, kwa mkubwa wake Mbogo.

"Ulikula kiapo na nani?"

"Sijakula, mzee."

"Sasa unakiri nini?"

Jedidah aliwajua waliopelekwa kizuizini kwa neno dogo kuliko lake. Hapo wazo jipya likabisha hodi, tamu kweli: sema ulimtukana jirani, ujiendee zako.

"Shii!" akasema.

"Nani unamwambia shii?" Mbogo akang'aka.

"Si wewe, mzee. Nimemuua mtu." Akanyoosha kidole. "Huyu Kivuti. Moyoni. Kila akivuka ubao, natamani aanguke."

Mbogo alicheka hadi machozi. "Mpeleke kanisani huyu! Sina kizuizi cha mawazo mimi!"

Kivuti hakucheka. Ubaoni alisimama, akaitazama mianzi. "Mama Karimi, hilo wazo limetoka?"

"Bado. Liko mlangoni." Hakujua kudanganya, na mwenyewe alikuwa na hamu ya kuona litafanya nini.

"Basi tangulia, unishike mkono."

Wakavuka, mama mbele, homugadi nyuma na bunduki yake begani. Katikati ubao ukayumba, na mguu wa Kivuti ukateleza kwenye matope.

"Shii!" Jedidah akapiga kelele, akamvuta kwa mikono yote miwili hadi ng'ambo.