Mchanga wa Kusugulia Sufuria

Juzi nilimkuta binti yangu akisugua meno kwa mkaa uliosagwa, na papo hapo nikakumbuka harufu ya mawese yaliyokuwa yakichemka uani kwetu Rumonge, mchana ule tulipongoja wageni kutoka Minago. Walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Asha.

Meno ya Asha yalikuwa na madoa ya kahawia tangu yalipoota. Mimi nilidhani ni masizi tu. Basi mchana huo alipochuchumaa kando ya ziwa na kuanza kuyasugua kwa mchanga uleule tuliosugulia sufuria, nilimshangilia. Mate yake yalipogeuka mekundu nilifurahi zaidi, nikidhani uchafu umeanza kutoka.

"Asha, acha!" mama alipiga kelele. "Hiyo haiko uchafu, mwanangu. Iko rangi ya meno yako."

Sasa najua mama alisema kweli. Rangi ya chai hukaa juu ya jino, na mswaki laini wa kila siku huipunguza taratibu. Ile ya Asha ilikuwa ndani ya jino lenyewe, pengine kwa dawa alizopewa utotoni, na mchanga ulikuwa ukila jino bila kuifikia.

Wageni walikula, wakanywa. Asha aliitikia kila salamu bila kufungua midomo vizuri.

"Mbona hucheki, binti?" shangazi wa mchumba wake akamtania. "Tumekuja kwenye msiba?"

Asha akacheka, na fizi zake zilizovimba zikaonekana. Yule shangazi akaacha kutafuna, akamshika kidevu.

"Maskini mutoto," alisema kwa upole, "nani amekupiga?"