Kipenga cha Kibogoyo

Jino la mbele la Mama Kipenga lilikwenda na kiwiko cha beki, siku alipoingia kuamua ugomvi uwanjani. Tangu hapo alivaa la bandia, la kuchomeka na kuchomoa, na kazi ya urefa ikaendelea. Mpaka nusu fainali. Alipuliza penalti kwa pumzi zake zote, kipenga kikamtoka mdomoni, jino nalo likafuata, likaangukia miguuni mwa golikipa.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Kibogoyo! Kibogoyo!" Mama Kipenga akainama, akaliokota, akalipangusa na kulitia mfukoni pamoja na kadi. Kisha akanyoosha mkono: penalti palepale.

Kesho yake mwenyekiti wa marefa akamwita ofisini. "Dada, fainali tutampa mwingine. Watu wanacheka."

"Penalti ilikuwa halali?"

"Halali kabisa."

"Basi waache wacheke, bao limeshaingia."

"Tengeneza mdomo kwanza, ndipo tuzungumze."

Akaenda kwa daktari wa meno. Daktari alimpiga picha ya taya, akaitazama, akasema mfupa unatosha. "Hili lako limekalia ufizi tu, kama kofia siku ya upepo. Tunaweza kupanda mzizi wa chuma ndani ya mfupa. Mfupa utaushika polepole, miezi kadhaa. Ukishashika barabara, tunaweka jino juu yake, na hilo halivuliwi."

"Fainali ni mwezi ujao."

"Itakukuta na pengo, mama. Na usikandamize kitu hapo. Mzizi ukitikiswa mapema, mfupa utaukataa. Nikupe la kuvaa kwa muda?"

"Lile lililonikimbia? Hapana. Panda mzizi."

Nyumbani wifi yake alimpokea na uso ungali umevimba. "Wifi, umri huu na urembo wapi na wapi?"

"Sitafuti mchumba. Kaka yako nilimpata nikiwa na meno yote, na bado ananuna."

Uvimbe ulipokwisha, daktari akamruhusu kukimbia, mradi kipenga akishike kwa midomo, pembeni. Akarudi kwa mwenyekiti. "Mzizi umeshapandwa, jino bado. Fainali nachezesha mimi."

"Na hilo pengo?"

"Refa anadaiwa kipenga, saa na kadi. Meno nani aliyaandika kwenye sheria?"

Mwenyekiti alikuna kichwa. Refa mwingine wa kumpita hakuwa naye, na alilijua hilo. Akampa mechi.

Siku ya fainali jukwaa lilianza mapema. "Kibogoyo kaja!" Mama Kipenga akawageukia, akatabasamu mdomo wazi mpaka pengo likaonekana hadi safu ya mwisho.

Mechi haijapamba moto, beki akamvuta mtu jezi ndani ya boksi. Kipenga kikalia, kikali kama zamani, mkono ukanyooka. Safari hii aliyeanguka alikuwa beki peke yake, kwa magoti, akilalamika.