Sanduku Moja la Mtaa Mzima

Mtaani kwetu Kyela wengi tunatumia anwani moja ya barua pepe, ile ya steshenari. Juzi saa tano na nusu aliingia mama mmoja, mfinyanzi kutoka Ikombe, akihema.

"Chuo kimetuma barua ya mwanangu mara tatu, inarudi. Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni saa sita leo!"

Dada wa steshenari akakodolea kompyuta macho. "Sanduku limejaa, mama. Barua mpya haina pa kuingia."

"Si ufute za zamani?"

"Za nani? Hapa barua ya mtu haifutwi mwenyewe hayupo."

Sote kwenye foleni tukatazama sakafu.

"Yangu ipo?"

"Moja, nzito. Picha za mazishi ya mama yako, walizotuma ndugu zako wa Malawi."

Akajifuta vidole kwenye kitenge, taratibu, kimoja kimoja. "Futa."

Dakika chache baadaye barua ya chuo ikaingia, wakathibitisha. Akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akatoka bila kutugeukia.

Nilikuwa nyuma yake kabisa. Humo sandukuni nina matangazo ya viatu ya miaka mitatu. Na mwenyewe nilikuwepo.