Majani ya Babu

Kraaa! Sauti hiyo bado ninayo masikioni: kitambaa cha kupimia presha kikibanduliwa kwenye mkono wa Babu.

Babu, ndivyo tulivyomwita, alikuwa Mchina, fundi wa mitambo ya kutengeneza barabara. Kambi yao ilikuwa Gumbo, pembeni mwa Juba, nami nilisaidia jikoni, nimerudi kutoka Uganda na darasa la saba langu na ndoto tele. Yeye ndiye aliyenionyesha theluji kwenye simu, na mjukuu wake wa kike aliyezaliwa yeye akiwa huku, hajambeba hata siku moja. Nikikata kabichi nilikuwa natembea kwenye ile theluji, miguu mitupu, wala sisikii baridi.

Asubuhi alikula uji mweupe wa mchele, na juu yake majani ya haradali yaliyokaa kwenye chumvi miezi mizima ndani ya mtungi.

"Kidogo tena, binti," alikuwa akisema, na mimi kwa kumpenda namjazia.

Halafu sigara. Wenzake walisalimiana kwa kupeana sigara, na kuikataa ni kama kumnyima mtu mkono. Babu hakumkatalia mtu.

Siku moja bunduki zililia upande wa mjini, tukiwa mezani. Vijiti vya kulia vikamponyoka. Akaviokota, vikamponyoka tena. Mdomo wake ulikuwa umevutika upande.

"Mimi iko sawa," akacheka, maneno yakitoka mazito.

Daktari wao, kijana wa miwani, akampima. Kraaa. Akarudia. Kraaa.

"Presha. Iko juu sana."

"Ni mawazo hayo," akasema mama mpishi. "Juba hii nani hana presha? Hata mbuzi wangu anayo."

Mimi pia niliamini hivyo. Nikafungulia redio nyimbo za kanisa kwa sauti, asisikie risasi. Lakini daktari alinyoosha kidole kwenye mtungi, kwenye pakiti ya sigara, kwenye kitambi cha Babu.

"Kwetu China watu wazima wengi wanayo na hawajui," akasema kwa Kiingereza cha polepole. "Baba yangu pia. Dawa nimempa. Ndege ikipatikana ataenda nyumbani, lakini presha ishuke kwanza. Nani anamwekea chumvi yote hii?"

Nikatazama miguu yangu.

"Bila majani, mimi hapana kula," Babu akanuna.

"Kalas, basi, usile!" mama mpishi akamjibu. "Mjukuu atakuona umekonda, atauliza huyu kijana ni nani."

Babu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mchana wenzangu walipolala, nilitoa majani kwenye mtungi, nikayaosha kwa maji. Nikamwaga, nikachota mengine. Nikamwaga tena. Nikaonja jani moja. Bado chumvi. Nikabeba ndoo, nikarudi bombani.