Mkrismasi wa Kina Neema

Juzi, nikipita Ntalikwa, niliona mkrismasi umewaka maua mekundu, na wivu wa zamani ukanikaba. Utotoni, mti kama ule ulikuwa uani kwa rafiki yangu Neema tu, nami niliamini Krismasi hufikia kwao peke yao. Alasiri moja, vumbi likinukia mvua, niliiba chumvi ya mama, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji, nikaanza kuyamwaga shinani ili mti ufe.

“Unafanya nini?” Neema aliuliza nyuma yangu.

“Namwagilia.”

Akakimbilia kopo, akanisaidia mpaka ndoo ikaisha.

Sikujua kwamba konzi moja ya chumvi haiui mti. Mwaka ule mti ulichanua kupita kiasi, na baba yake Neema akanisifia mbele ya watu kanisani kwa kuumwagilia. Nililia kwa wivu, wakadhani ni furaha.